Niliyojifunza Nilipoandika Historia ya Duka la Marshall Field's la Chicago

Historia ya duka kubwa huonekana kazi nyepesi kwa mtu ambaye hajaianza. Duka lenyewe lina jina, lina jengo, lina mwanzilishi ambaye picha yake ilitundikwa ukutani, na mara nyingi lina kijitabu cha maadhimisho kinachoeleza kila kitu tangu siku ya kwanza. Nilipochukua jukumu la kuandika kwa Kiswahili habari za Marshall Field's, duka lililotamba katika barabara ya State mjini Chicago kwa zaidi ya karne moja, nilikuwa na vijitabu vya namna hiyo mezani, na vyote vilisimulia kwa sauti moja. Nawaandikia wale wanaokusudia kufanya kazi kama hii juu ya duka lolote la zamani, kwa sababu karibu kila ugumu nilioupitia ulikuwa na chanzo kimoja. Duka kubwa ni hodari wa kujisimulia, na limejisimulia kwa miaka mingi kwa nia ya kuuza bidhaa. Mwandishi asiyetafuta karatasi ambazo hazikuandikwa ili kumvutia mnunuzi atakuwa anarudia tangazo la biashara huku akiamini kwamba anaandika historia.

Swali la kwanza lililonikwamisha ni lile linalodhaniwa kuwa jepesi kuliko yote, yaani duka lilianza lini. Kampuni yenyewe ilihesabu kuanzia mwaka 1852, na mwaka 1952 ikaadhimisha miaka 100. Lakini mwaka 1852 Marshall Field hakuwa Chicago. Aliyefungua duka la vitambaa mwaka huo katika barabara ya Lake alikuwa Potter Palmer, mfanyabiashara aliyejulikana kwa kuwaruhusu wateja warudishe bidhaa wasizoridhika nazo. Field, aliyezaliwa Conway, Massachusetts, mwaka 1834, alifika Chicago mwaka 1856 akaajiriwa kama karani katika kampuni nyingine kabisa. Mwaka 1865 yeye na Levi Leiter waliingia ubia na Palmer; mwaka 1867 Palmer akajitoa, na jina likawa Field, Leiter & Co.; mwaka 1881 Leiter naye akaondoka, na hapo ndipo jina Marshall Field & Company lilipoanza kutumika. Kila moja ya miaka hiyo minne ina haki ya kuitwa mwanzo, kutegemea unaandika historia ya nini: ya duka, ya ubia, ya mtu au ya jina.

Kabla ya kuandika sentensi yoyote, nashauri utengeneze jedwali lenye safu tatu: wabia walikuwa nani, kampuni iliitwaje, na ilikuwa katika jengo gani. Mambo hayo matatu hayakubadilika kwa pamoja. Wabia waliweza kubadilika huku jengo likibaki lile lile, na jengo liliweza kuteketea huku jina likibaki. Jedwali langu lilinisaidia kuliko kitabu chochote nilichosoma, kwa sababu nilipokuta gazeti la mwaka 1870 likitaja duka la "Field na Leiter" nilijua mara moja kwamba linazungumzia jumba lililofunguliwa tarehe 12 Oktoba 1868 katika kona ya barabara za State na Washington, wala si lile la barabara ya Lake, na kwamba jumba hilo lilikuwa la Palmer, aliyelipangisha kwa wabia wake wa zamani. Hilo la upangaji lina uzito. Palmer alikuwa amenunua viwanja vingi kando ya barabara ya State na alitaka biashara zote kubwa zihame kutoka barabara ya Lake, iliyokuwa karibu na mto na matope yake. Duka lilihamia huko kwa sababu ya mipango ya mwenye ardhi. Vijitabu vya maadhimisho vinausimulia uhamisho huo kana kwamba ulitokana na maono ya Field peke yake.

Kisha ukaja moto. Moto Mkuu wa Chicago, ulioanza tarehe 8 Oktoba 1871, uliliteketeza jumba hilo, na pamoja nalo uliteketeza mahakama ya wilaya ya Cook iliyohifadhi kumbukumbu za umiliki wa ardhi. Kwa mtafiti hili ni pigo kubwa, maana hati ambazo ungezitafuta kwanza, za mauziano ya viwanja kabla ya mwaka 1871, hazipo. Nilipitia kipindi cha kukata tamaa hapa, kwa kuwa nilikuwa nimepanga sura nzima juu ya ununuzi wa viwanja. Kilichoniokoa ni kujua kwamba kampuni binafsi zilizokuwa zikitunza muhtasari wa hati za ardhi kwa ajili ya wanunuzi ziliokoa daftari zao, na kwamba wamiliki walitegemea muhtasari huo kuthibitisha haki zao baada ya moto. Mwandishi wa historia ya duka katika jiji lililowahi kuungua au kulipuliwa aanze kwa kuuliza ni nani mwingine, mbali na serikali, aliyekuwa na nakala ya karatasi zile kwa sababu za kibiashara. Mara nyingi yupo.

Kuna karatasi moja ya siku zile ambayo imenigusa kuliko risala zote za wakurugenzi. Ni tangazo fupi lililobandikwa baada ya moto kuwaarifu wavulana waliokuwa wakipeleka fedha kwa mtunza hazina na wasichana wa kazi kwamba watalipwa wanachodai siku ya Jumatatu, tarehe 16 Oktoba, saa tatu asubuhi. Duka lilikuwa majivu, na bado kulikuwa na watoto wanaosubiri ujira. Katika wiki zilizofuata kampuni ilifungua biashara ndani ya banda la farasi wa magari ya abiria, katika kona ya State na barabara ya 20, na rafu zikapangwa mahali palipokuwa na vihori. Vijitabu vya duka vinaikumbuka hadithi ya banda kwa fahari. Tangazo la ujira linanieleza zaidi, kwa kuwa linaonyesha kwamba duka lile la anasa liliendeshwa kwa miguu ya watoto, jambo ambalo picha za wanawake waliovaa hariri haziwezi kukuonyesha.

Anwani ni mtego mwingine ambao ningependa kila mtafiti wa Chicago auelewe mapema. Jiji hilo lilibadilisha namba za nyumba zake zote mwaka 1909, na katika eneo la katikati mabadiliko yakaanza kutumika mwaka 1911, ambapo kona ya State na Madison ikawa sehemu ya kuhesabia kwenda pande zote nne. Maana yake ni kwamba namba iliyochapishwa kwenye risiti au tangazo la mwaka 1890 haiko mahali ambapo namba hiyo ipo sasa. Ukichukua anwani ya zamani na kuitafuta kwenye ramani ya leo utafika penye jengo lisilohusika, utalipiga picha, na utaiweka picha hiyo katika kitabu chako. Kila jiji lina jambo la aina hii: majina ya mitaa hubadilika baada ya uhuru, baada ya vita au baada ya uchaguzi, na namba hupangwa upya kwa ajili ya posta. Tafuta jedwali la ubadilishaji kabla ya kwenda mtaani.

Ramani zilizochorwa kwa ajili ya bima ya moto ndizo zilizonifundisha kuliona duka kama jengo halisi. Zile za kampuni ya Sanborn zinaonyesha unene wa kuta, mahali pa lifti na ngazi, aina ya paa na matangi ya maji, na rangi zake zina maana: waridi ni matofali, njano ni mbao. Wachoraji wake hawakujali umaarufu wa duka, walitaka kujua litawaka kwa kasi gani. Hata hivyo zisomwe kwa uangalifu, kwa sababu masahihisho yalibandikwa juu ya karatasi ya zamani mwaka hadi mwaka, na hivyo tarehe iliyochapwa kwenye jalada si lazima iwe tarehe ya kile unachokiona ndani. Kwenye ramani hizi ndipo nilipoelewa kwamba jumba la Marshall Field's, ambalo mtu akisimama barabarani huliona kama jengo moja, ni majengo kadhaa yaliyounganishwa. Ofisi ya Daniel Burnham ilisimamia sehemu ya kwanza iliyosalia, ya miaka ya 1892 na 1893, kisha nyingine zikafuata mwaka 1902, 1906, 1907 na 1914, kila moja ikichukua mahali pa jengo lililobomolewa huku mauzo yakiendelea upande wa pili wa ukuta. Kwa hiyo ukikuta picha ya ndani ya duka isiyo na tarehe, nguzo na dari zake zinaweza kukuambia ni sehemu ipi, na sehemu itakuambia kwamba picha haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka fulani.

Hapo ndipo nilipotumia muda mwingi zaidi, nami sijutii. Kati ya mwaka 1868 na 1879 kona ile ile ya State na Washington ilikuwa na majumba matatu tofauti. La kwanza la Palmer liliungua mwaka 1871. La pili lilijengwa na kampuni ya cherehani ya Singer, ambayo ilikuwa imenunua kiwanja kutoka kwa Palmer, naye akihitaji fedha za kuijenga upya hoteli yake. Lilifunguliwa mwaka 1873 na likaungua tarehe 14 Novemba 1877. Duka likahamia kwa muda katika jengo la maonyesho lililokuwa ufukweni mwa ziwa, na Singer wakajenga tena, kisha Field na Leiter wakalinunua jengo hilo. Picha za majumba haya hufanana kwa mtu asiyezitazama vizuri, na nimeziona zikichapishwa kwa tarehe za kubadilishana. Kama huna uhakika na tarehe ya picha, iandikie "miaka ya 1870" na uendelee.

Jambo lililobadilisha mpango wangu wote wa kitabu lilikuwa biashara ya jumla. Watu wa Chicago wakilikumbuka duka hili hukumbuka saa kubwa ya kona, mti wa Krismasi katika ukumbi wa chakula uitwao Walnut Room, na chokoleti za Frango. Hata mimi nilivutiwa na mambo hayo. Lakini kwa muda mrefu wa karne ya 19 sehemu kubwa ya mapato ya kampuni ilitokana na kuwauzia bidhaa kwa jumla wenye maduka madogo ya miji ya magharibi ya Marekani, waliofikiwa kwa reli. Jengo la jumla lililosanifiwa na H. H. Richardson, likakamilika mwaka 1887 baada ya yeye kufariki, lilichukua mtaa mzima na husomwa hadi leo na wanafunzi wa usanifu majengo, ingawa lilibomolewa mwaka 1930. Mwaka huo huo kampuni ilifungua Merchandise Mart, jengo lililokuwa kubwa kuliko yote duniani kwa nafasi ya sakafu, likiwa na takriban futi za mraba milioni 4, likikusudiwa kukusanya biashara hiyo ya jumla mahali pamoja. Lilifunguliwa wakati Mdororo Mkuu wa uchumi umekwisha kuanza na wakati wenye maduka ya mijini wameanza kununua moja kwa moja kutoka viwandani. Mwaka 1935 James McKinsey, mshauri wa uendeshaji wa biashara, aliwekwa kuwa mwenyekiti na akafunga sehemu kubwa ya biashara ya jumla. Alifariki mwaka 1937. Jengo lenyewe likauzwa kwa Joseph P. Kennedy mwaka 1945.

Mwandishi anayetazama madirisha ya barabara ya State pekee hawezi kueleza fedha za kuyapamba zilitoka wapi. Nawashauri wenzangu waulize mapema kabisa ni biashara ipi iliyokuwa ikilibeba duka, kwa kuwa jibu linaweza kuwa mahali ambapo mteja wa kawaida hakuwahi kukanyaga: ghala, kiwanda, mikopo au kodi za majengo.

Misemo maarufu nayo itakusumbua. Karibu kila anayesimulia habari za Field atakuambia kwamba alimwamuru karani ampe bibi anachotaka, na kwamba ama yeye ama Harry Selfridge ndiye aliyesema mteja hana kosa kamwe. Nilitafuta ushahidi wa siku zile kwa hamu, maana misemo hiyo inapendeza kuweka mwanzoni mwa sura, lakini msemo huu wa pili umehusishwa pia na wafanyabiashara wengine wa kizazi kile, wa maduka na hata wa hoteli. Niliamua kuandika kwamba "huhusishwa na" na kusonga mbele. Selfridge mwenyewe hahitaji misemo ili aonekane mtu wa ajabu. Aliingia katika kampuni mwaka 1879 akiwa kijana wa ghalani, akapanda hadi kuongoza sehemu ya rejareja, na sifa ya kuendeleza mauzo ya bei nafuu katika ghorofa ya chini ya ardhi hupewa yeye. Mwaka 1904 aliondoka, akanunua duka shindani katika barabara hiyo hiyo, akaliuza baada ya miezi michache kwa Carson Pirie Scott, na hatimaye akahamia London, ambako alifungua duka lake katika barabara ya Oxford tarehe 15 Machi 1909. Alichokipeleka kule, yaani madirisha yaliyopambwa kwa ustadi na uhuru wa mteja kuzunguka bila kulazimishwa kununua, alikuwa amekizoea Chicago.

Kuhusu wafanyakazi, hapa ndipo penye kazi ngumu na pia penye thamani. Kampuni huhifadhi kumbukumbu za wakurugenzi, za majengo na za matangazo, lakini majina ya wahudumu wa mauzo, washonaji, wapishi, waendesha lifti na wafagizi hupotea. Sensa ya taifa ya Marekani ingesaidia, ila sehemu kubwa ya karatasi za sensa ya mwaka 1890 iliharibiwa na moto wa mwaka 1921 mjini Washington, na hivyo kuna pengo kati ya mwaka 1880 na 1900, miaka ile ile duka lilipokuwa likikua kwa kasi. Niliziba sehemu ya pengo hilo kwa vitabu vya majina na anwani vilivyochapishwa na jiji karibu kila mwaka, ambavyo vinataja kazi ya mtu na wakati mwingine mwajiri wake. Ni kazi ya kuchosha macho. Utakaa na mikrofilimu hadi shingo ikaume, na siku nyingine utaondoka na jina moja tu. Lakini jina hilo, likiwa na anwani ya nyumba ya kupanga na umbali wa kutembea hadi dukani, linafungua ukurasa ambao hakuna kijitabu cha kampuni kilichowahi kuuandika.

Na hapo hapo nilikutana na mambo yaliyoniumiza. Field alikuwa mkarimu kwa taasisi: alitoa kiwanja kwa Chuo Kikuu cha Chicago, na mwaka 1893 alitoa dola milioni 1 kuanzisha jumba la makumbusho ambalo sasa linaitwa Field Museum. Alikuwa pia mpinzani mkali wa vyama vya wafanyakazi. Maduka makubwa ya barabara ya State, hili likiwemo, kwa miongo mingi hayakuwaajiri watu weusi katika kazi za kuuza mbele ya wateja. Waliajiriwa nyuma, jikoni, katika lifti na katika usafi, na mabadiliko yalikuja polepole baada ya shinikizo la miaka ya katikati ya karne ya 20. Nikiwa Mwafrika ninayeandika juu ya jumba ambalo nililipenda kwa uzuri wake, nikisimama chini ya kuba la vioo lililotengenezwa na kampuni ya Tiffany mwaka 1907, nilihisi uzito wa jambo hilo kwa namna ambayo siwezi kuificha. Nilijaribiwa kuliweka katika sura yake pekee karibu na mwisho. Nikaona kwamba kufanya hivyo ni kuwarudisha watu wale nyuma ya duka kwa mara nyingine, na nikaandika upya ili waonekane katika kila sura, kila mahali kazi zao zilipokuwa. Gazeti la Chicago Defender, lililoanzishwa mwaka 1905 na kusomwa na watu weusi wa jiji hilo na nje yake, lilinisaidia sana. Magazeti makubwa yalitegemea fedha za matangazo ya duka, na mtafiti asishangae akiona yanavyoliandika kwa upole. Kwa duka lolote unaloandikia habari zake, tafuta gazeti ambalo duka hilo halikulilipa.

Mahojiano na waliofanya kazi pale yafanywe mapema iwezekanavyo, hata kabla hujamaliza kusoma nyaraka. Wengi ni wazee. Niliahirisha mazungumzo na bibi mmoja aliyekuwa ameuza glavu na mitandio kwa miaka mingi, nikisubiri kwanza nijue maswali ya maana ya kumuuliza, na aliyepokea simu yangu baadaye alikuwa mwanawe, akiniambia kwamba mama yake hana tena kumbukumbu za kuaminika. Inanisikitisha hadi sasa. Kwa waliobaki nilijifunza kutouliza "duka lilikuwaje", kwa kuwa swali hilo huleta majibu ya vijitabu: mti wa Krismasi, adabu, uzuri. Nilipouliza mlango waliotumia kuingia, chakula walichokula na mahali walipokalia, nani alipekua mikoba yao wakitoka, na walisimama saa ngapi kabla ya kuruhusiwa kuketi, ndipo habari zilipotoka. Mzee mmoja alinichorea kwa kalamu njia za chini kwa chini za kupitishia mizigo, na mchoro wake ulilingana na ramani za bima karibu kila mahali. Mpe mzungumzaji nakala ya mahojiano aisome, na upate ridhaa yake kwa maandishi. Mzee akishafariki, ridhaa hiyo ndiyo itakayoamua kama maneno yake yanaweza kuchapishwa.

Gharama zilinishangaza, hasa za picha. Kusoma nyaraka katika hifadhi nyingi ni bure au kwa ada ndogo, lakini kuichapisha picha ni jambo jingine, na taasisi inayomiliki nakala inaweza kukutoza kwa kila picha, kwa kila toleo, na tena ukitaka kuiweka mtandaoni. Nililipa zaidi kwa picha kuliko kwa usafiri. Unafuu upo: nchini Marekani kazi iliyochapishwa zaidi ya miaka 95 iliyopita haina tena hakimiliki, na kwa hiyo picha za vitabu vya mwongozo wa jiji, postikadi za zamani na michoro ya magazeti ya karne ya 19 zinaweza kutumika. Tumia maneno "kilichochapishwa" kwa makini, maana picha iliyopigwa zamani bila kuchapishwa ina masharti mengine. Na ujue pia kwamba hifadhi moja haitoshi. Ombi langu katika hifadhi fulani lilikaa muda mrefu bila jibu hadi nikakaribia kuiacha sura nzima, kisha nikagundua kwamba hati hizo hizo ziliwekwa nakala katika maktaba nyingine ambayo ilinipa kesho yake.

Sababu ya hati kutawanyika hivyo ni mauzo ya kampuni yenyewe. Mwaka 1982 Marshall Field's ilinunuliwa na BATUS, kampuni tanzu ya wauza sigara wa Uingereza. Mwaka 1990 ikanunuliwa na Dayton Hudson ya Minneapolis, ambayo mwaka 2000 ilijiita Target. Mwaka 2004 ikauzwa kwa May Department Stores, na mwaka 2005 May yenyewe ikachukuliwa na Federated, wamiliki wa Macy's. Kila mmiliki alikuwa na makao makuu katika mji mwingine, na kila uhamisho ulihamisha au kutupa makabati ya faili. Anayetafuta karatasi za miaka ya mwisho ya duka asiishie Chicago. Afuate wanunuzi mmoja baada ya mwingine, na asome taarifa walizowajibika kuwasilisha kwa wenye hisa, ambazo ni kavu lakini zinasema wazi matawi mangapi yalifungwa na kwa nini.

Tarehe 9 Septemba 2006 jina la Marshall Field's liliondolewa na jumba likaitwa Macy's on State Street. Wakazi wa Chicago waliandamana chini ya saa ya kona, na baadhi yao waliendelea kurudi pale kila mwaka. Nilibishana na nafsi yangu kwa muda mrefu juu ya mahali pa kuimalizia historia. Jengo lilikuwa limetambuliwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa mwaka 1978 na ya jiji mwaka 2005, na faili zilizoandaliwa kwa ajili ya utambuzi wa aina hiyo, zikieleza usanifu wa kila sehemu na mwaka wake, ni miongoni mwa vyanzo bora ambavyo mtafiti anaweza kuanza navyo, tena aghalabu hupatikana bure. Kwa mujibu wa jengo, historia haijaisha. Kwa mujibu wa jina, iliisha siku ile. Kwa mujibu wa kampuni kama biashara inayojiamulia mambo yake, iliisha mwaka 1982, na baada ya kupanga upya nyaraka zote hilo ndilo nililoliamini, kwa sababu tangu mwaka huo maamuzi makubwa juu ya barabara ya State yalifanywa na watu waliokuwa mbali nayo. Sura yangu ya mwisho imeandikwa kama habari za mali iliyopita mikononi mwa wengi, na majina ya wanunuzi yamewekwa kwa mpangilio wa tarehe zao.